Timu yangu inafunga pointi nyingi, mbona haishindi?

"Ninaishabikia timu moja ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, kwa miaka mingi na msimu huu umenichosha. Tumecheza mechi 30, tumeshinda 13, tumepoteza 17. Tunafunga wastani wa pointi 119.4, tumo kati ya timu tatu za juu kwa kufunga, lakini tunafungwa 117.9, kwa hiyo naona shida ni ulinzi. Mara nyingi tunaongoza kwa pointi 15 kufikia mapumziko, kisha uongozi unayeyuka. Mechi zilizoamuliwa kwa pointi 5 au chini ya hapo zimekuwa 12, tumeshinda 3 tu. Juzi tumefungwa 119 kwa 116. Nyota wetu alipachika 31 lakini kwenye safu ya +/- alimaliza na −14. Jedwali la mechi hiyo nimeliambatisha. Wenzangu wengine wanataka kocha afukuzwe, wengine wanasema nyota anajichezea mwenyewe. Mimi huweka dau tukiwa tunaongoza kwa sababu naamini tuna timu bora, na napoteza. Kwenye tovuti ya ligi tumeandikiwa 'kasi 104', sijui ni ya nini. Tatizo letu ni lipi hasa?"

Uchungu wako unaeleweka. Kuongoza kwa pointi 15 halafu kufungwa, tena mara kwa mara, kunamfanya shabiki atafute wa kumlaumu, na wa kulaumiwa huwa hawakosekani: kocha, nyota, ulinzi. Kwa namba ulizotuma, hakuna kati ya hao watatu anayestahili lawama zote anazobebeshwa. Tatizo lipo, na kwenye jedwali lako linaonekana, ila liko mahali ambapo wewe na wenzako hamjapatazama. Ili tufike huko inabidi kwanza tuache kuipima timu kwa pointi za mechi nzima.

Ile kasi 104 uliyoipita haraka ndiyo namba muhimu kuliko zote ulizoandika. Katika mpira wa kikapu timu mbili hupokezana mpira. Muda wote ambao timu moja inaushika mpira mpaka unapokwenda kwa wapinzani, tuuite zamu. Zamu huisha umefunga, au umekosa na wapinzani wakaudaka mpira, au umeupoteza kabla hujatupa. Ukikosa kisha mwenzako akaudaka tena chini ya kikapu, zamu haijaisha, ni ile ile inaendelea. Kwa sababu mnapokezana, timu zote mbili humaliza mechi zikiwa na zamu karibu sawa, zikipishana kwa moja au mbili tu. Kasi 104 ni kusema kwamba katika dakika 48 timu yako hupata zamu 104 hivi, na wapinzani wake vivyo hivyo.

Kwa misimu ya karibuni kasi ya kawaida ya ligi imekuwa karibu 99. Timu yako basi ni ya mbio. Kila mechi inajipa nafasi tano za ziada za kushambulia, na nyingine tano inampa mpinzani. Mkulima mwenye ekari kumi atavuna magunia mengi kuliko mwenye ekari nane hata kama shamba lake halina rutuba zaidi, na anayetaka kujua nani analima vizuri huuliza magunia kwa ekari. Hapa ekari ni zamu.

Gawanya. Pointi 119.4 kwa zamu 104 ni 1.148 kwa zamu, yaani 114.8 kwa kila zamu 100. Pointi 117.9 kwa zamu 104 ni 113.4 kwa kila zamu 100. Wastani wa ligi kwa misimu ya karibuni umekuwa kati ya 114 na 115 hivi. Kwa hiyo mashambulizi mnayojivunia ni ya katikati ya ligi, na ulinzi unaoulaani ni bora kidogo kuliko wa kawaida. Ni kinyume cha ulichoamini, na tofauti hiyo ina uzito. Anayeamini kwamba ulinzi ndio ugonjwa atataka mtupaji atolewe aingie mlinzi, na hapo atakuwa anakata mkono ulio mzima.

Sasa twende kwenye jedwali la mechi ya juzi. Zamu haziandikwi kwenye jedwali la kawaida, lakini unaweza kuzikadiria mwenyewe. Chukua mitupo yote ya uwanjani, iliyoingia na iliyokosa, ongeza mipira iliyopotezwa, ongeza mitupo huru (ile anayopewa aliyechezewa rafu, anaitupa bila kuzuiwa) ukiwa umeizidisha kwa 0.44, kisha toa ribaundi za mashambulizi, yaani mipira mliyoikosa mkaidaka tena wenyewe. Ile 0.44 huwashangaza wengi. Mitupo huru miwili ya kawaida humaliza zamu moja, kwa hiyo ungetarajia 0.5. Lakini kuna mtupo huru mmoja anaopewa mtu aliyefunga huku akichezewa rafu, ambaye zamu yake tumeshaihesabu kwenye mtupo wa uwanjani. Kuna mitatu anayopewa aliyechezewa rafu akiwa nyuma ya mstari wa pointi tatu, na kuna ya rafu za kiufundi. Ukichanganya yote, wastani unashuka hadi hapo.

Timu yako ilitupa mara 91 zikaingia 43, kati ya hizo 14 zikiwa za pointi tatu kwa mitupo 38. Mitupo huru ilikuwa 20, ikaingia 16. Ribaundi za mashambulizi 9, mipira iliyopotezwa 17. Hesabu inakuja 91 + 17 + 8.8 − 9, yaani zamu 107.8. Wapinzani walitupa mara 97 zikaingia 42, za pointi tatu 18 kwa mitupo 43, mitupo huru 17 kati ya 22, ribaundi za mashambulizi 12, mipira iliyopotezwa 13. Zamu zao ni 107.7. Kwa kila zamu 100 mlifunga 107.6 na kufungwa 110.5. Yaani usiku huo ambao nyote mliulaumu ulinzi kwa kuruhusu pointi 119, ulinzi ulifanya kazi nzuri kuliko wastani wa ligi. Kilichokuwa duni ni mashambulizi.

Duni kwa namna gani? Si kwa shabaha. Kupima shabaha, kikapu cha pointi tatu kihesabu kama kimoja na nusu, kisha gawanya kwa mitupo yote. Yenu ni 43 jumlisha 7, gawanya kwa 91: asilimia 54.9. Yao ni 42 jumlisha 9, gawanya kwa 97: asilimia 52.6. Mlitupa vizuri kuliko wao na bado mkafungwa, kwa sababu wao walitupa mara sita zaidi, na mara hizo sita zina asili yake. Mlipoteza mipira minne zaidi yao, wao wakadaka ribaundi tatu zaidi za mashambulizi. Hizo ni nafasi saba: sita zikawa mitupo, ya saba ikaenda kwenye ile mitupo huru miwili waliyowazidi. Kila mtupo wenu wa uwanjani usiku ule ulikuwa na thamani ya pointi 1.1. Mitupo sita ni pointi 6.6, na mmefungwa kwa tatu.

Wachambuzi wa mchezo huu hugawa ushindi katika kazi nne: shabaha, kutunza mpira, ribaundi na kupata mitupo huru. Kwa makadirio yanayotumika sana, shabaha hubeba karibu asilimia 40 ya uzito, kutunza mpira 25, ribaundi 20, mitupo huru 15. Shabiki huangalia ile ya kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana na kupigiwa kelele. Ya pili na ya tatu hupita kimya, na ndizo zilizowamaliza.

Kuhusu mipira iliyopotezwa nataka tukae kidogo, maana ndiyo inayounganisha jedwali lako na uongozi unaoyeyuka. Mipira 17 katika zamu 107.8 ni takriban moja katika kila zamu sita. Wao walipoteza moja katika kila nane. Lakini mpira unaopotea hauna bei moja. Ukitoka nje ya mstari, au mwamuzi akipuliza kwa kutembea na mpira, mchezo unasimama. Wachezaji wako watano wanarudi nyuma, wanajipanga, na mpinzani anaanza kama kawaida. Umepoteza nafasi yako tu. Mpira ukiibwa mikononi katikati ya uwanja, watu wako watatu au wanne wako mbele ya mpira wakielekea upande usiofaa, na mpinzani anakimbia kwenda kupachika akiwa peke yake au wawili kwa mmoja. Hapo umepoteza nafasi yako na papo hapo umempa yeye mtupo ulio rahisi kuliko yote katika mchezo huu. Kwenye safu ya wizi ya wapinzani kumeandikwa 11. Kumi na moja kati ya kumi na saba! Hata pointi walizozipata kutokana na wizi huo zimeandikwa upande wa ulinzi wenu, wakati aliyezitoa ni mshambuliaji aliyepiga pasi ya uvivu.

Ribaundi nitaipita kwa ufupi. Mara nyingi timu inayodakiwa ribaundi chini ya kikapu chake ina sababu moja kati ya mbili: imeweka wachezaji wafupi ili ikimbie, au senta wake, yule mrefu wa chini ya kikapu, anaitwa mbali, karibu na mstari wa pointi tatu, kumzuia mwenye mpira anayetoka nyuma ya mwenzake aliyesimama kumkinga. Senta akiwa nje mita saba, nani atamsukuma senta mwenzake kwa mgongo? Mlinzi mdogo. Jedwali halikuambii ni ipi kati ya hizo mbili, ila ukitazama mechi utaiona ndani ya robo moja.

Tuje kwenye zile pointi 15. Nusu ya pili timu yako ina zamu 52 hivi, na mpinzani 52. Ili afute pengo la 15 anahitaji kuwazidi kwa chini ya theluthi moja ya pointi kwa kila zamu. Wala si muujiza, ni nusu moja nzuri kwake na moja mbaya kwenu. Na kadiri mnavyokimbia ndivyo mnavyompa zamu nyingi za kurudi mchezoni. Timu yenye kasi 94 ingempa 47 tu.

Juu ya hapo kuna mtupo wa pointi tatu. Ulipoingizwa NBA msimu wa 1979–80, timu zilikuwa zinautupa chini ya mara tatu kwa mechi. Msimu wa 2024–25 wastani ulizidi 37. Timu inayotupa 38 kwa uwezo wa asilimia 36 inatarajiwa kuingiza karibu 14. Lakini hata kama kila mtupo ni wa ubora ule ule, hesabu za bahati zinasema idadi itayumba kwa mitatu juu au chini katika usiku wa kawaida, na karibu usiku mmoja kati ya mitatu itayumba zaidi ya hapo. Mitupo mitatu ni pointi tisa. Pointi tisa zinaweza kuja au kuondoka bila mtu yeyote kucheza vizuri au vibaya kuliko jana.

Mfano mkali wa jambo hili ni Houston Rockets, Mei 2018, mechi ya saba ya fainali ya kanda ya Magharibi dhidi ya Golden State Warriors. Timu iliyoshinda mechi 65 msimu ule iliongoza 54 kwa 43 mapumzikoni, ikakosa mitupo 27 mfululizo ya pointi tatu, ikamaliza na 7 kati ya 44 na kufungwa 101 kwa 92. Chris Paul alikuwa nje kwa jeraha, kweli, na miguu ilikuwa imechoka. Lakini hakuna kocha duniani anayeweza kufundisha kukosa mara 27.

Basi si kila uongozi unaopotea una mkosaji. Kuna hata hivyo kosa moja la kweli ambalo timu zinazoongoza hulifanya, na hilo ulitazame kwa makini: kulinda saa badala ya kucheza. Timu inaongoza kwa 12 robo ya nne, mwenye mpira anaudundisha katikati ya uwanja mpaka zile sekunde 24 ambazo kila shambulizi hupewa zimebaki 8, ndipo anaanza kutafuta njia. Kwa sekunde nane kuna pasi mbili tu, ulinzi umeshasoma kila kitu, na kinachotoka ni mtupo mgumu mkononi mwa mtu aliyebanwa, au pasi ya haraka inayoibwa. Timu ya mbio inapojifanya ya polepole inapoteza kile inachokijua bila kupata kingine.

Kuhusu nyota wenu na ile −14. Safu ya +/- huhesabu tofauti ya pointi wakati mchezaji yuko uwanjani, basi. Haihesabu alichofanya yeye. Akiwa uwanjani wako watu kumi, na kila kikapu cha mpinzani kinaandikwa kwa wote watano wenu, hata kama kimefungwa juu ya mtu aliye upande wa pili. Wapinzani walifunga 18 kati ya 43 za pointi tatu, karibu asilimia 42. Kwa asilimia 36 ya kawaida zingekuwa 15 au 16, kwa hiyo kuna pointi saba hivi za shabaha isiyo ya kila siku, na sehemu kubwa inaweza kuwa imemwangukia yeye kwa kuwa ndiye anayecheza dakika nyingi. Ulinzi una uwezo mkubwa juu ya idadi ya mitupo ya pointi tatu anayotupa mpinzani na juu ya uwazi wa mtupaji. Juu ya mpira ukishatoka mkononi, una uwezo mdogo sana. Kwa hiyo −14 ya usiku mmoja usiitumie kumhukumu mtu. Ukitaka +/- iseme kitu, iangalie baada ya mechi nyingi, linganisha dakika zake uwanjani na dakika zake benchi, na uangalie alikuwa na nani. Nyota anayechezeshwa na wanne wa akiba mwanzoni mwa kila robo ya nne atabeba namba mbaya zisizo zake.

Hata hivyo wenzako wanaosema anajichezea wasipuuzwe kabisa. Swali lao lina kipimo: kati ya ile mipira 17 yeye alipoteza mingapi, na mingapi iliibwa mikononi mwake akijaribu kupita watu wawili? Pointi 31 ukiwa umepoteza mpira mara saba si sawa na pointi 31 ukiwa umepoteza mara mbili. Safu hiyo ipo kwenye jedwali lako, mbele ya jina lake.

Mechi za karibu, ushindi 3 kati ya 12, zinaumiza kuliko yote, na ndizo zenye habari njema. Rusha sarafu mara 12. Uwezekano wa kupata kichwa mara tatu au chini ni asilimia 7 hivi. Ligi ina timu 30, kwa hiyo hata kama mechi zote za karibu zingeamuliwa kwa sarafu, timu mbili hivi zingekuwa mahali mlipo leo. Sisemi ujuzi wa mwisho wa mechi haupo. Nasema mechi 12 hazitoshi kuutenganisha na bahati. Kinachotabiri vizuri zaidi ni tofauti ya pointi. Nyinyi mmefunga 45 zaidi ya mlizofungwa kwa mechi 30, wastani wa +1.5. Timu yenye tofauti hiyo kwa kawaida huwa imeshinda 16 hivi kati ya 30, si 13. Mna deni la ushindi mara tatu ambalo hamtalipwa, lakini hakuna sababu ya kutarajia deni liendelee kukua.

Kipimo hiki nacho kina mipaka. Timu kubwa hukionyesha wazi: Oklahoma City Thunder ya 2024–25 ilishinda 68, kwa wastani ikiwazidi wapinzani karibu pointi 13, na ikatwaa ubingwa. Lakini Miami Heat ya 2022–23 ilimaliza msimu ikiwa imefungwa pointi nyingi kuliko ilizofunga, ikaingia mchujo ikiwa ya nane katika kanda yake, na ikafika fainali. Tofauti ya pointi ni makadirio mazuri tu, haijui nani atapona jeraha mwezi wa nne.

Hapa niseme wazi kuhusu dau, kwa sababu umelitaja kwa sentensi moja na mimi naliona ni zito kuliko ulivyoliandika. Unapoona uongozi wa 15, anayepanga viwango vya dau ameuona pia, na ameshaupunguzia malipo. Anajua kasi yenu, anajua nani anakaa benchi robo ya nne. Imani kwamba timu yako ni bora kuliko matokeo yake inaweza kuwa kweli, nami nimekuonyesha hivyo, na bado ukapoteza pesa. Acha kuweka dau kwenye timu unayoipenda. Na kama umefika mahali pa kuongeza dau ili urudishe zilizopotea, unakopa, au unawaficha wa nyumbani kwako, mechi na takwimu ziweke kando. Tafuta mshauri nasaha au daktari, ukae naye ana kwa ana. Tabia hiyo ina matibabu, na anayewahi hupona kwa urahisi zaidi.

Je, kocha afukuzwe? Historia haina jibu moja. Cleveland Cavaliers walimfukuza David Blatt Januari 2016 akiwa ameshinda 30 na kupoteza 11, wakampa timu Tyronn Lue, na Juni wakawa mabingwa dhidi ya Warriors walioshinda 73. Milwaukee Bucks walimfukuza Adrian Griffin Januari 2024 akiwa na 30 kwa 13. Chini ya Doc Rivers walishinda 17, wakapoteza 19, wakatolewa raundi ya kwanza. Maamuzi yanayofanana, matokeo mbali kabisa. Kwa timu yako, yenye ulinzi juu kidogo ya wastani na tofauti chanya ya pointi, ushahidi wa kumfukuza mtu haupo bado. Ushahidi wa kumtaka abadilishe mambo upo.

Na kila badiliko lina gharama, hakuna la bure. Akimweka senta wa pili ili aokoe ribaundi, ulinzi wa mpinzani utajaa chini ya kikapu na nyota wenu hatakuwa na njia ya kupita. Akipunguza kasi, mipira itatulia lakini vikapu rahisi vya mbio vitapungua, na hivyo huenda ndivyo vinavyoibeba shabaha yenu. Akizitenganisha dakika za nyota na za msaidizi wake mkuu, ili mmoja wao awe uwanjani kila wakati, benchi halitaachwa yatima, ila wawili hao watacheza pamoja kwa muda mfupi zaidi. Kwangu mimi hili la tatu ndilo la kuanza nalo. Halihitaji kununua mchezaji, linaweza kujaribiwa kesho, na likishindwa linarudishwa.

Kabla ya kuliamini, lipime. Kwa mechi tano zijazo kaa na daftari. Kila timu yako inapoongoza kwa 10 au zaidi, andika saa, andika majina ya watano walio uwanjani, na uendelee kuandika mpaka pengo lishuke chini ya 5 au mechi iishe. Kwa kila mpira uliopotea weka W kama umeibwa, N kama umetoka nje au umepulizwa. Kwa kila mtupo wa pointi tatu wa mpinzani andika kama mlinzi wa karibu alikuwa zaidi ya mita 1.8, kipimo ambacho ligi hukitumia kumwita mtupaji kuwa wazi kabisa, na kama ulitoka kona, ambako mstari uko mita 6.71 badala ya 7.24. Usiandike kama uliingia, maana utakudanganya. Kwa kila shambulizi lenu andika sekunde zilizobaki kwenye saa ya 24 pasi ya kwanza ya maana ilipopigwa.

Ukimaliza, W zikiwa nyingi na zimejikusanya kwa mtu mmoja, unaye wa kumzungumzia. Zikitawanyika kwa watano wa akiba, tatizo ni mpangilio wa dakika. Sekunde zikiwa chini ya 10 kila mnapoongoza, hilo ni la kocha moja kwa moja. Mitupo ya wapinzani ikiwa wazi, hasa kona, ulinzi unachelewa kurudi kwa mtu wake, na nitakubali ulikuwa na haki kuulaumu. Ikiwa imebanwa na bado inaingia, subiri.

Kuna vitu daftari halitavikamata na runinga haivionyeshi, kwa sababu kamera hufuata mpira: nani alipaswa kuzunguka kumfunika mtupaji, nani aliitwa kwa sauti na hakujibu. Kwa hayo mtafute kocha yeyote anayefundisha watu, awe wa shule au wa klabu, mketi pamoja mbele ya mechi iliyorekodiwa, na mwombe asimamishe picha sekunde tatu kabla ya kila kikapu cha wapinzani robo ya nne. Ukipata nafasi ya kuingia uwanjani, chagua kiti nyuma ya kikapu badala ya pembeni. Kutoka hapo utaona upana wote wa ulinzi, na utajua senta wenu anaitwa mbali kiasi gani kila ribaundi inapowaponyoka.